Kwa Nini Kitabu Hufungwa Alama Miguuni

Kaeni vizuri. Na wewe uliyerudisha kitabu cha mapishi katikati ya vitabu vya sheria jana, sogea huku mbele, maana haya ni yako.

Zamani hizo vitabu havijajua kukaa, viliketishwa kama wageni karamuni. Ndivyo ilivyokuwa katika mji wa Kimawemawe. Mji ule ulikuwa na nyumba ya vitabu, na kila kitabu kilikaa kwa heshima ya aliyekitoa. Vya wenye mji, ukoo wa Mwinyi Kombo, vilikaa rafu ya juu penye hewa. Vya wafanyabiashara, rafu ya kati. Vya mafundi vilikaa chini, nyuma ya mlango, pamoja na fagio. Watu wakioana, vitabu vyao husogezwa pamoja. Wakiachana, hutenganishwa. Koo zikigombana, vitabu vyao haviwekwi hata ukuta mmoja, visije vikatukanana. Basi mtunzaji wa nyumba hiyo hakuwa na haja ya kujua kitabu kinasema nini. Alichohitaji ni umbea wa mji mzima.

Mtunzaji alikuwa Mwanatumu binti Sheha, mwanamke wa makamo aliyerithi funguo kwa mjomba wake. Mjomba alikuwa na kila kitabu kichwani. Alipokufa, alikwenda na kichwa chake.

Mwaka mmoja mvua ziligoma. Kisima cha mji, nacho kilikuwa kimoja tu, kikawa tope, kisha hata tope likakauka. Watu wakawa wanafuata maji mwendo wa siku nzima. Wazee wakakata shauri: Ijumaa, baada ya sala, mji unahama. Asiyeweza kutembea atabebwa na kitanda chake.

Mama yake Mwanatumu, Bi Mashavu, ndiye aliyekuwa mwosha maiti wa wanawake wa Kimawemawe. Sasa alikuwa hawezi hata kukaa bila kushikwa. Habari ya safari ilipomfikia, alimwita binti yake.

"Mwanangu, safari hiyo mimi siimalizi. Nitafia njiani, na maji hakuna, mtanipaka vumbi mnizike. Miaka arobaini nimeosha watu wa mji huu, hapana hata mmoja aliyekwenda bila maji. Leo niende mimi?"

Mwanatumu alilia mbele ya mama yake, wala hakujificha.

"Acha kulia," akasema Bi Mashavu. "Fundi Makame, yule mchimba visima, alikuwa akisema kuna kisima cha pili, wazee walikifunika. Aliandika kitabu akampa mjomba wako. Nenda kakitafute."

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Jumapili Mwanatumu alipekua nyuma ya mlango, hakipo. Akakumbuka kwamba binti wa Makame aliolewa na mfanyabiashara, kwa hiyo kitabu kilipandishwa cheo. Jumatatu akapekua rafu ya kati, hakipo. Ehe, binti yule aliachika! Kisha akaolewa mke wa pili kwa kina Kombo, ndoa isiyotimiza hata mwezi. Je, kitabu kilipanda juu? Kilishushwa? Kilipitiwa tu? Jumanne kutwa aliwauliza kina mama wa mji mzima, na kila mmoja alikuwa na habari zake. Jua likatua, na kitabu hakijaonekana.

Jumatano asubuhi alitandika mikeka sakafuni, akateremsha vitabu vyote, vya juu na vya chini. Hakuuliza tena nani kakitoa. Alikifungua kila kimoja na kukiuliza swali moja: "Wewe unazungumzia nini?" Vya dawa akaviweka huku, vya sheria kule, vya nyota kwao, vya maji kwao. Asije akachanganya, alichana leso zake kuukuu, akakifunga kila kitabu ukanda miguuni, chini ya mgongo wake, kila jambo na rangi yake. Vya maji vilipata buluu. Kitabu cha Fundi Makame kilitokea adhuhuri, katikati ya nyimbo za harusi.

Mwinyi Kombo, mkubwa wa ukoo wenye mji, alisikia akaja mbio, fimbo mkononi.

"Mwanatumu, una wazimu? Kitabu cha babu yangu kimelala mkeka mmoja na cha mchimba visima!"

"Vyote viwili vinazungumzia maji, Mwinyi. Na tangu adhuhuri sijavisikia vikigombana."

Mwinyi Kombo alifunga mlango kwa kishindo.

Kitabu cha Makame kilisema hivi: kisima kimefunikwa kwa jiwe la kusagia, hatua arobaini kutoka birika la msikiti, upande wa machweo. Alhamisi alfajiri wanaume walihesabu hatua, wakachimba. Walikuta mwamba. Wakasogea kidogo, mwamba tena. Mpini wa jembe ukavunjika.

"Kitabu cha nyuma ya mlango," akacheka Mwinyi Kombo, "kina maneno ya nyuma ya mlango." Watu wakarudi kufunga mizigo. Habari ikamfikia Bi Mashavu. Aliomba tu sanda yake itolewe kasha la chini iwekwe karibu.

Mwanatumu alikirudisha kitabu cha Makame mkekani, kwa wenzake wa ukanda wa buluu. Jirani yake alikuwa kitabu cha babu yake Mwinyi Kombo. Alikifungua kwa sababu kilikuwa hapo, hakuna zaidi. Miaka yote ile kimoja kilikaa juu na kingine chini, na hapana mtu aliyewahi kuvisoma pamoja. Babu alikuwa ameandika: "Nimejenga birika jipya upande wa kaskazini. La zamani nimelifukia, na juu yake limejengwa tanuri la chokaa."

Mwanatumu hakumaliza ukurasa. Alitoka mbio hadi kwenye tanuri, kitabu mkononi, ushungi ukining'inia begani, akaanza kuhesabu kwa sauti kuelekea machweo. Hatua ya arobaini iliangukia ndani ya zizi la punda wa Mwinyi Kombo.

Watu walioifuata sauti yake walimtazama mwenye zizi. Yeye alikipokea kitabu, akausoma mwandiko wa babu yake.

"Babu yangu hakuandika uongo," akasema. Akavua kanzu, akaomba jembe.

Magharibi jembe liligonga jiwe la kusagia. Walilisukuma wanne. Mtu akatupa kokoto ndani, wote wakatega sikio. Chubwi!

Ijumaa watu walisali, wakarudi majumbani kufungua mizigo. Bi Mashavu aliletewa kikombe cha kwanza. Alionja, akasema, "Yana chumvi kidogo," kisha akanywa yote.

Aliishi siku kumi na moja zaidi. Alifia kitandani kwake, na Mwanatumu alimwosha kwa mikono yake mwenyewe, ndoo baada ya ndoo, wala hakufanya haraka. Aliyekuwa akivuta maji kisimani ni Mwinyi Kombo.

Arubaini ilipopita, Mwinyi alikuja kuulizia kitabu cha babu yake. "Jina la babu yako litabaki juu, kichwani," Mwanatumu akamwambia. "Miguuni kitafungwa ukanda wa maji, na kitasimama na wenzake." Kisha akaandika daftari, kila kitabu mara tatu: kwa jina la mwenyewe, kwa jina la kitabu, na kwa jambo kinalozungumzia, ili anayejua moja tu naye akipate. Na kila aliyetaka kujifanya muungwana, akirudishe kitabu mwenyewe pale anapoona kinapendeza, alimzuia mkono. "Kiache mezani," alimwambia.

Na tangu siku hiyo vitabu havikai tena kwa ukoo wala kwa cheo, bali kwa jambo vinalozungumzia. Kanda za leso zilichakaa zikawa karatasi, na rangi zikawa tarakimu, lakini mahali ni palepale, miguuni. Na mtunzaji bado anakuambia uache kitabu mezani, nawe unamwona mkali.

Sasa, bwana mapishi, unasema rafu moja au nyingine ni mamoja? Bi Mashavu alibakiwa na siku moja kabla ya safari, na maji yalikuwa mlemle mjini miaka yote, yakingoja vitabu viwili vikae pamoja. Kiache mezani.