Friji la Wenye Kadi Moja

Sogeeni. Wewe mwenye simu, izime au nenda nayo nje, maana ukikosa kipande kimoja cha hadithi hii utakuja kunisumbua mwishoni. Mimi natoa hadithi, jibu mtalitoa nyinyi. Na msinitazame hivyo, kweli jibu sina.

Palikuwa na nyumba Ngamiani, mjini Tanga. Nyumba yenye ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na uani mahali pa kupikia. Wapangaji walikuwa watatu, na kila mmoja alijaliwa jambo lake.

Bi Mwantumu, mjane, alijaliwa jicho. Mwekee mbele mfuko mkubwa na mfuko mdogo, atakwambia upi unakuibia kabla hujamvutia kiti. Wenye maduka ya mtaani wakimwona anakuja walikuwa wanajirekebishia mizani wenyewe.

Sikudhani, mama wa watoto wanne, ambaye mumewe alikwenda machimboni akajifanya kasahau njia ya kurudi, alijaliwa mkono. Kitu akikihifadhi yeye hakiharibiki. Mchele wake haukupata kuingia fukusi. Wenzake wakimwaga mchuzi uliochacha, wake unapashwa moto na unaliwa.

Hizza, mseja wa makamo, alijaliwa miguu. Alikuwa na guta, ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, na alipanda nayo milima ambayo wenzake hushuka wakasukuma. Watu walimwita trekta, naye alipenda.

Sasa, nje kidogo ya mji likafunguliwa ghala, likaitwa Ghala la Mizani. Huingii kununua mpaka uwe na kadi, na kadi unailipia kila mwaka. Humo ndani hakuna cha kupimiwa: mchele kwa gunia, mafuta kwa dumu, sabuni kwa katoni. Bei ni ya chini, ila sharti limeandikwa mlangoni: kadi moja, familia moja.

Jioni hiyo uani hapakukalika kwa mabishano.

"Yaani nilipe ili niruhusiwe kulipa?" Bi Mwantumu akacheka. "Mimi na uzee huu? Huo ni wizi wenye mlango na taa!"

"Lakini bi mkubwa, mimi nanunua mafuta ya kupima kila siku ya Mungu," Sikudhani akasema. "Nikijumlisha mwezi mzima nataka kulia. Wizi unaofanyiwa mimi huuoni?"

"Nyote mna haki," Hizza akaingilia. "Mama huyu anakaa peke yake, gunia la mchele atalifanyia nini? Kadi hairudishi gharama. Na dada ana midomo mingi lakini ada ya kadi hana. Familia moja peke yake, kwa hali zetu, inaliwa na hiyo kadi. Lakini sisi watatu..."

Hakumaliza. Walitazamana, wote wakafikiria jambo moja.

Walichanga sawa kwa sawa. Picha ikapigwa ya Bi Mwantumu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho cha taifa siku hiyo. "Sura yangu, kadi yetu," alisema mwenyewe, na wenzake wakamshika kwa neno hilo.

Mwaka ukaanza. Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo penye kazi yenu.

Safari ya kwanza Hizza aliona katoni la siki, bei ya kutupa, akalibeba kifuani kama mtoto. Bi Mwantumu akamsimamisha. "Siki chupa ishirini na nne! Unataka kututilia achari mji mzima? Rudisha." Ndivyo alivyofanya mwaka mzima. Alijua lipi ni rahisi kweli na lipi ni kubwa tu kwa macho. Bila jicho lake wangerudi kila mara na vitu rahisi wasivyovihitaji, na kadi ingekuwa hasara.

Vitu vikifika nyumbani, ni zamu ya Sikudhani. Mchele aliutandaza juani, akautia majani ya mwarobaini na pilipili kavu, akaufunga kwenye madumu. Sukari aliiinua mbali na sisimizi, unga akaugeuza kila juma. Mvua za masika zilipoozesha vyakula mtaa mzima, wao walikula. Bila mkono wake nusu ya kila gunia ingeishia kwa kuku, na kadi ingekuwa hasara.

Na kutoka ghalani mpaka Ngamiani si karibu. Kirikuu cha kukodi, kile kigari cha mizigo, kingekula faida yote kabla hakijashusha mzigo. Hizza aliendesha guta lake jua na mvua, mara nyingine magoti yakimvimba hata anashuka kwa kushikilia ukuta. Hakuwatoza hata hela ya maji. Bila miguu yake, haya semeni wenyewe: hasara.

Ikawa kheri. Watoto wa Sikudhani wakanenepa mashavu. Bi Mwantumu akaacha kukopa sabuni. Hizza akanunua godoro.

Basi mwisho wa mwaka Ghala la Mizani likatangaza zawadi: familia iliyotumia kadi yake vizuri kuliko zote itapewa friji la milango miwili. Na nani aliyetajwa? Familia ya Bi Mwantumu! Kulikuwa na jambo moja tu. Mkaguzi angekuja nyumbani, siku asiyoisema, kuhakikisha kwamba hiyo kweli ni familia moja.

Na balaa halikuja peke yake. Juma hilohilo mwenye nyumba alikuja na kofia mkononi. Kiwanja kimeuzwa. Nyumba inabomolewa, mwisho wa mwezi wote watoke. Walitafuta vyumba vitatu mahali pamoja wasipate. Bi Mwantumu alikuwa anakwenda kwa kaka yake Pongwe. Sikudhani alipata chumba Makorora. Hizza alipata Duga.

Mnaona lakini? Walitakiwa wathibitishe kuwa ni familia moja, na mizigo yao ilikuwa imeshaanza kufungwa kwenda sehemu tatu. Na kila mmoja kimoyomoyo alikuwa ameshaliweka friji chumbani kwake. Nitawaambia kwa nini, na msimcheke yeyote.

Bi Mwantumu alikuwa na kisukari. Dawa yake ya sindano hutaka ubaridi, naye aliihifadhi kwenye chungu chenye mchanga uliolowa maji, na daktari alishamwambia kwamba chungu hakitoshi. Sikudhani alikuwa anafulia watu, mikono imechubuka, na kwa friji angeuza juisi na ubuyu wa barafu mlangoni kwake huku akiwatazama wanawe. Na Hizza aliambiwa hospitali kwamba akiendelea na guta mwaka mwingine, magoti hayo hayatamwinua kitandani. Kwa friji angekaa kwenye kibanda auze maji baridi. Kila mmoja alikuwa na lake, na kila mmoja alijua la mwenzake.

Mkaguzi alikuja adhuhuri, Bwana Singano, shati jeupe, kalamu mfukoni. Aliingia mpaka uani bila kubisha sana, akasimama. Mbele yake majiko matatu yanawaka, kwenye kila jiko chungu, na kwenye kila chungu mwiko wa mtu wake.

"Familia moja," akasema taratibu. "Majiko matatu?"

Wallahi hapo mioyo ilisimama. Bi Mwantumu hakupepesa.

"Lile la ugali, hili la samaki, lile kule la mchicha," akasema. "Kwenu, baba, mnatia vyote chungu kimoja?"

Na kweli ndivyo ilivyokuwa siku hiyo. Sikudhani alisonga ugali, Bi Mwantumu alipika samaki wa nazi, Hizza alichemsha mchicha wake wa kula na mkate. Mkaguzi akaguna. Hakuridhika. Macho yake yakaanza kutafuta sahani, maana sahani zingesema ukweli wote.

Hapo Sikudhani akainuka. Aliteremsha sinia kubwa, akageuza ugali katikati, akachota samaki kwa Bi Mwantumu bila kuomba ruhusa, akachota mchicha kwa Hizza, akawaita wanawe waje kunawa mikono. Sasa nyinyi mnajua desturi. Mgeni mwanamume angetengewa chakula barazani pamoja na Hizza, wanawake na watoto wangekula ndani. Sikudhani hakumtengea. Aliweka sinia katikati ya mkeka, akakaa, akasema, "Karibu, baba, huku kwetu hakuna mgeni." Bwana Singano alisita. Kisha akavua viatu, maana alijua watu hawafanyi hivyo na mtu wanayemficha kitu.

Walikula, mikono yote kwenye sinia moja. Mkaguzi alikula vizuri. Lakini kazi ni kazi, na alipokuwa analamba vidole alimgeukia Hizza.

"Na wewe, bwana, wao ni nani wako?"

Jamani! Akisema mume, watoto watacheka hapohapo. Akisema mpangaji, friji limekwenda.

Hizza akameza. "Mimi," akasema, "ndiye ninayeitwa sukari ikiisha."

Bwana Singano akacheka mpaka akajifuta macho kwa kiwiko. Akatoa kalamu akasaini. "Familia nyingi nilizokagua hazili hivi," akasema, akaenda zake.

Mnanong'ona nini huko nyuma? Walidanganya? Haya, nitafutieni neno moja la uongo katika waliyoyasema, mniletee. Mkilikosa tuendelee.

Friji lilifika siku ya tatu, likawekwa ukumbini na nailoni yake. Walilizunguka, wakaligusa, wakacheka. Lakini jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mkaguzi aje, kila mmoja alipakua chakula chake akaenda kula chumbani kwake.

"Kadi ina sura yangu," Bi Mwantumu alisema kesho yake.

"Sura yako, kadi yetu. Ulisema mwenyewe," Sikudhani akamjibu. "Na lile sinia lingekuwa wapi, bi mkubwa, kama si mimi?"

"Sinia lingeandaliwa lini kama nisingejibu la majiko?"

"Na mmesahau kama kuna mtu aliyeulizwa swali la mwisho?" Hizza akasema. Hakupaza sauti.

Najua mnataka kuniambia nini: wauze wagawane. Hilo Hizza alilisema. Wakaenda kuulizia bei. Zawadi, haina risiti, kila mnunuzi akaitazama kama ya wizi. Wakigawana walichoambiwa, hakuna hata mmoja ambaye angepata dawa baridi, wala biashara, wala kibanda. Mnasema wapige kura? Sikudhani alikataa. "Watoto wangu siwapigii kura," alisema. Bi Mwantumu naye akasema hauchezei uhai wake kwa vijiti. Hizza akasema basi. Siku zikaenda hivyo, salamu zikapungua, na watoto wakakatazwa kwenda chumbani kwa bibi.

Siku ya kuhama wabomoaji walikuja asubuhi na nyundo. Vyombo vya kina mama vilishatangulia na kirikuu. Friji likabaki ukumbini, vumbi la dari likilidondokea. Haliwezi kuachwa. Hizza akasogeza guta, wakalibeba wote watatu, wakalifunga kamba. Yeye akapanda kwenye kiti, wanawake wakatembea huku na huku, kila mmoja mkono wake juu ya friji lisianguke.

Walikwenda hivyo mpaka njia panda. Njia moja inakwenda Pongwe, moja Makorora, moja Duga. Hizza akakaza breki. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mguu wa kushoto alishaushusha chini kwa maumivu ya goti.

"Semeni," akasema. "Nikikata kona mwenyewe mtaniita mwizi maisha yangu yote."

Bi Mwantumu alitazama njia ya Pongwe, machozi yakimlengalenga. Sikudhani alitazama njia ya Makorora. "Mwanangu..." Bi Mwantumu akaanza. Hakuna aliyeondoa mkono wake.

Mimi niliwaacha hapo. Jua ni kali na nyuma yao magari yanapiga honi. Waamulieni. Aliyeona, aliyehifadhi, aliyebeba: friji ni la nani? Na usiponijibu mbiombio, ukalala nalo, kesho nijibu na la pili: kadi ile imeisha muda wake. Wewe ungeilipia tena? Na ungeilipia na nani?