Nguchiro Aliyeitwa Nyoka

Masikio yapo?
Yapo!
Yana nafasi?
Yana nafasi, tia!
Haya, natia. Asiyetaka azibe kwa kidole, mimi sirudii.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana vitu vya umeme vilikwishafika hadi porini, kilikuwapo kisima kimoja katika nchi nzima ya wanyama. Kiangazi kilikuwa kikali, mito imebaki mchanga mtupu, na wanyama wote, mkubwa kwa mdogo, walikunywa kisimani hapo. Siku moja Fisi, bwana tumbo, akakizungushia kisima ua wa miiba. Akatia lango, na juu ya lango akapachika mashine. Kaitoa wapi? Hajasema mpaka leo. Ilikuwa na jicho moja la kioo, na mdomo wa matundu matundu kama chujio la chai.

"Mashine hii ina akili kutushinda sote," Fisi akatangaza. "Yenyewe ndiyo itakayoamua nani anywe na nani arudi. Mimi simo. Mimi Fisi ni mlinzi tu."

Asubuhi wakapanga foleni. Akaja Kanga.

Tii-tii! "Nani?"

"Kanga."

"Kanga, hayo madoadoa ni ugonjwa wa ngozi. Rudi."

Akaja Ngiri.

Tii-tii! "Nani?"

"Ngiri."

"Ngiri, meno yako yako nje ya mdomo. Nenda kayarudishe ndani kwanza. Rudi."

Akaja Nguchiro, mama mdogo wa mwili, nyuma yake watoto watatu, midomo imewapasuka kwa kiu. Yule wa mwisho alikuwa amebebwa, miguu haimchukui tena.

Tii-tii! "Nani?"

"Nguchiro, na wanangu."

Jicho likamtazama. Likautazama mkia wake mrefu ukiburuzika kwenye nyasi. "Nyoka. Rudi."

"Nani nyoka?"

"Nyoka. Rudi."

Jamani, Nguchiro aliona giza! Mama yake alikula nyoka, bibi yake alikula nyoka, yeye mwenyewe juzi tu kala nyoka, leo aitwe nyoka mbele ya foleni!

"Mzee Fisi," akaita, "hebu njoo unihesabie miguu."

Fisi akapiga mwayo. "Miguu naiona, mama. Minne. Lakini mashine imesema nyoka, na mashine haikosei. Mimi nitafanyaje?"

"Kwani nani kaifundisha?"

"Inajifundisha yenyewe."

"Na mwenye malalamiko amwone nani?"

"Aiambie mashine."

Nguchiro akaiambia. "Nyoka," ikajibu. "Rudi."

Yule mtoto wa mwisho akafumbua jicho moja. "Mama, kwani nyoka hawanywi maji?"

Mama mtu akawaondoa kwenye foleni. Akawalaza watoto kivulini, akarudi peke yake, akajipenyeza chini ya miiba ya ua, nje ya lango, akatulia tuli. Jua likapanda utosini. Foleni ikatawanyika. Ndipo Fisi akaja, taulo begani, anapiga mluzi.

Tii-tii! "Nani?"

"Mwenyewe!"

Pale pale jicho likafumba, maana Fisi hakupenda kutazamwa akienda kuoga. Lango likafunguka, kwaa! Fisi akaingia. Chubwi! Akaoga katika maji ya kunywa ya watu, akajisugua mpaka kwapani, akatoka, akaenda kujianika kwenye jabali.

"Ala!" Nguchiro akasema moyoni. "Kumbe ndilo neno lenyewe!"

Akawaamsha wanawe, akamwita Kanga, akamwita Ngiri, na kila aliyerudishwa asubuhi. Wakaja kwa kunyata, nyatu nyatu nyatu. Nguchiro akasimama mbele ya lango, kifua mbele.

Tii-tii! "Nani?"

"Mwenyewe!"

Jicho likafumba. Kwaa! Wakaingia wote. Paa! Lango likajifunga. Watoto wakainamisha vichwa, gudu gudu gudu, hata yule wa mwisho akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Fisi kusikia gudu gudu, huyo, mbio mpaka langoni.

Tii-tii! "Nani?"

"Mwenyewe!"

"Mwenyewe yumo ndani. Wewe ni mwizi. Rudi."

"Mimi Fisi!"

"Fisi ni mlinzi tu. Rudi."

"Imekosea!" Fisi akapiga kelele. "Jamani, mashine imekosea!"

Nguchiro akapanda juu ya ukingo wa kisima. "Imekosea? Si ulisema haikosei, mzee wangu?"

"Inakosea! Inakosea kila siku!"

"Na hilo la kuniita nyoka?"

"Ilikosea pia!"

"Na nani kaifundisha?"

Fisi koo limekauka, maji anayasikia tu yakinywewa. "Mimi! Mimi niliyeifundisha, neno kwa neno, iwarudishe wote kwa sababu yoyote ile! Haya, nimesema, nifungulieni!"

Kanga akapasuka: "Kakakaka! Kwa hiyo ngozi yangu nzima?"

"Nzima, nzima! Lakini huyu Nguchiro tapeli, kaidanganya mashine yangu!"

"Nimeidanganya nini?" Nguchiro akauliza, sauti tamu kama asali. "Imeuliza nani, nimejibu mwenyewe. Kwani mimi si mimi mwenyewe? Au ni shangazi yangu?"

Wanyama wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ngiri akapiga magoti, akatia yale meno yake ya nje chini ya nguzo za ua, akang'oa moja, akang'oa ya pili, ua ukaanguka gubu! Nguchiro akaipanda mashine, akatafuna waya. Pwiii, ikazima. Maji yakawa ya wote tena.

Fisi naye hunywa, wasije wakasema tulimwonea. Lakini hupanga foleni nyuma ya Kobe, na zamu yake ikifika wanyama wote humwuliza kwa pamoja: "Nani?" Naye hainamishi domo lake kuelekea maji mpaka aseme kwa sauti ya kusikika: "Ni mimi, Fisi, niliyeifundisha."

Hadithi imekaa kitako, mimi nasimama.

Na funzo lake, wajukuu zangu, lishikeni: ukiulizwa jina mlangoni, jibu kwa adabu, taja jina lako kamili na la baba yako. Nguchiro alijibu kihuni, na mmeona wenyewe yaliyompata. Masikini, kapata kisima kizima.