Nguzo Tatu za Mama Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Wa nyuma mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali yao, palikuwa na nchi iliyokatwa na mto Vuma. Upande huu mashamba, ng'ambo mkunga. Mkunga mwenyewe mmoja tu, Bibi Kima, na masika yakifika mto haupitiki.

Kila baada ya masika manne wanyama walichagua mfalme mpya. Kila mfalme aliahidi daraja. Ngoma zikapigwa, pilau ikaliwa, jiwe la msingi lenye jina lake likawekwa ukingoni. Halafu? Halafu kimya! Akija mwingine husema, "Lile ni la yule. Mimi nitaweka langu." Basi yakawa mawe matatu, daraja hakuna. Msicheke, nyie, watu hao mnawajua.

Mama Digidigi alishikwa na uchungu siku ya mafuriko. Alingoja ukingoni siku tatu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mvuani, akafa. Wa pili, Zawena, alizaliwa kiangazi, akapona. Mama akamtazama akasema, "Wewe, mwanangu, hutazaa upande huu wa mto."

Akachukua gome la mti, akachora mpango. Nguzo tatu, wafalme watatu, masika kumi na mawili.

Wenzake wakamcheka. "Masika kumi na mawili! Si utakuwa umezeeka?"

"Nitazeeka hata lisipojengwa," akajibu. "Papo kwa papo kamba hukata jiwe."

Akachaguliwa Nyati, akaja na jiwe lake. Mama Digidigi akapiga goti.

"Shikamoo, mfalme. Jiwe hili ukiliweka hapa, litakuwa la nne. Lakini tukiyapanga yale matatu chini, lako litakaa juu ya yote."

"Juu ya yote?"

"Juu ya yote, mfalme."

Nyati akaleta chokaa na mafundi siku ileile. Jiwe la msingi likakaa juu! Mmeona wapi? Lakini nguzo ya kwanza ikasimama.

Akachaguliwa Kiboko. "Ya Nyati ibomolewe!" akanguruma.

Hapo Mama Digidigi aliogopa kweli, wapenzi. Akasema, "Ukiibomoa, mfalme, watu watasahau kwamba Nyati aliishia ukingoni. Iache. Yako isimame katikati ya maji, kimo sawasawa, ili kila mtu aone nani alithubutu kwenda mbele."

Kiboko akacheka mpaka tumbo likatikisika. Nguzo ya pili ikasimama.

Akachaguliwa Twiga. Yeye alitaka nguzo ndefu kama shingo yake.

"Mfalme, huko juu utaonwa na ndege tu," akasema Mama Digidigi. "Nguzo ya ng'ambo iwe yako, kimo kilekile. Kisha mbao zako zipite juu ya majina ya wenzako wote."

Twiga akaipenda sana hiyo. Hakufikiri kwamba na jina lake litakuwa chini ya mbao. Nguzo ya tatu ikasimama, mbao zikapigwa misumari.

Siku ya kufungua daraja, masika yalikuwa yamepamba moto na mto unavuma. Utepe umefungwa, Twiga anahutubia, hotuba haijafika hata nusu. Zawena akamshika mama yake mkono.

"Mama, uchungu."

Mama hakuomba ruhusa. Digidigi ni wadogo, wakapita chini ya utepe bila kuugusa. Wakakanyaga ubao wa kwanza, wa pili, wa tatu. Maji yalikuwa yanapiga kelele chini yao, nao miguu yao mikavu, mpaka mlangoni kwa Bibi Kima.

Twiga alikuwa bado anahutubia wakati kilio cha mtoto kiliposikika kutoka ng'ambo. Umati ukapiga vigelegele, hotuba ikafa hapohapo.

"Nani huyo aliyevuka kabla yangu?" akauliza Twiga.

Mama Digidigi akajibu kutoka ng'ambo, machozi yakimtoka, "Ni mgeni, mfalme! Hata jina hatujampa!"

Basi hadithi yangu imekoma hapo. Ikiwa ya uongo, mto na uichukue. Ikiwa tamu, vukeni nayo.