Ngazi ya Langoni

Hapo zamani, na asiniulize mtu zamani ya lini, maana watu wa hadithi hii bado wako hai na mmoja wao hupanda basi moja na mimi, palikuwa na shule katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza. Endeleeni kumenya vitunguu, hammenyi kwa masikio. Lakini nawaambia mapema: mwisho nina swali, na atakayenijibu kwa kunifurahisha tu nitamjua.

Serikali ya nchi ile ilikuwa na maradhi ya kutengeneza shule. Waziri akiingia, anavunja alichojenga mwenzake. Huyu anasema shule zitoke mikononi mwa halmashauri zijitawale. Anayefuata anasema zirudi. Huyu anataka mitihani mingi, yule anataka michache. Bungeni wanabishana mpaka sauti zinawakauka, na mimi sijamsikia hata mmoja akisema mwanawe anasoma wapi. Nikasema moyoni, hapa kuna namna.

Ndipo akatokea mtu wa wizara, Bwana Ellery, kijana mwenye viatu vya kung'aa, akatunga kanuni. Mkaguzi ataingia kila shule. Atachukua rejista ya darasa la mwisho, wale wa miaka kumi na sita, atachukua alama zao za mtihani wa majaribio, atazigawanya kwa idadi yao. Shule ya juu itapewa kitambaa kikubwa cha buluu kilichoandikwa SHULE BORA, kitundikwe juu ya lango. Shule ya chini itanyang'anywa mwalimu mkuu na kukabidhiwa wageni. Na wanaohesabiwa ni waliomo kwenye rejista tu. Aliyetoka, katoka.

Mwalimu mkuu wa shule yetu aliitwa Bwana Whitlow. Sitamsingizia: alikuwa na watoto mia nane na majina yao yote anayajua, hata ya wale wanaotoroka. Lakini kanuni ile ilipokuja, alianza kuyajua majina kwa namna nyingine. Akawa anapita madarasani na karatasi mkononi, anamtazama mtoto, anatazama karatasi, anamtazama tena mtoto.

Kwenye karatasi ile palikuwa na Zuwena. Zuwena alitoka Mombasa na mama yake akiwa na miaka kumi na mmoja, Kiingereza chake ni "hello" na "toilet" basi. Miaka minne baadaye anakiongea kama waliozaliwa nacho, ila umpe kurasa nyingi za kusoma, anachoka. Alitaka kuwa mkunga. Tangu utotoni anasema mkunga, hajawahi kusema kingine. Na chuo cha ukunga hakimpokei mtu bila cheti cha mtihani ule wa miaka kumi na sita. Januari wakafanya mtihani wa majaribio, masomo manane. Zuwena akaanguka matano.

Wiki iliyofuata mama yake, Bi Mwanakheri, akaitwa ofisini. Bi Mwanakheri alikuwa akifua mashuka hospitalini kwa zamu, na Kiingereza alikuwa bado anakiogopa, kwa hiyo akatafutiwa mtu wa kumtafsiria. Bwana Whitlow akamwekea chai na biskuti kwenye kisahani. Mwalimu mkuu anamwekea mzazi biskuti? Nikasema moyoni, hapa kuna namna.

Akamwambia mtoto amechoka. Akamwambia mtihani utamvunja moyo. Akamwambia sheria ya nchi inamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani, na barua ya kuomba hivyo iko tayari, inasubiri saini tu. Bi Mwanakheri akauliza swali moja, na lilikuwa swali la maana.

"Mtihani atafanya?"

"Mlango wetu uko wazi daima," akasema Bwana Whitlow.

Barua ikasomwa kwa Kiswahili. Mama akatia saini. Na nisiwafiche, uso wake ulipata nafuu, maana alikuwa na mtoto wa miaka miwili nyumbani ambaye kila asubuhi anamtafutia jirani wa kumwachia. Sasa wa kumshika amepatikana, tena ni dada yake. Zuwena akakaa nyumbani anasoma vitabu vyake mkono mmoja, mkono wa pili anampokonya mdogo wake vijiko.

Watoto kumi na watatu walitoka hivyo msimu ule wa baridi. Kumi na watatu, na wote ni wale wa kwenye karatasi.

Machi akaja mkaguzi, Bi Garside, mwanamke mpole, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alipewa siku mbili. Akafungua rejista ya Septemba, akafungua ya Machi, akaweka kidole hapa, akaweka kidole pale. Akauliza hawa kumi na watatu wako wapi. Akaambiwa wamehama. Akakitazama kidole chake muda mrefu, kisha akafunga rejista, akaandika kwamba shule imefanya maajabu. Aprili kitambaa cha buluu kikatundikwa.

Mei ikafika, siku ya mtihani. Zuwena akapiga pasi sare yake, akaweka kalamu tatu mfukoni, akaenda shule. Ukumbini madawati yamepangwa kwa safu, kila dawati na kadi ya jina. Akapita safu ya kwanza, akapita ya pili, akapita zote. Akarudi akaanza upya, labda hakuangalia vizuri. Mwalimu wa mlangoni akamwambia kwa sauti ndogo kwamba yeye si mwanafunzi wa shule hii tangu Januari. Akatoka na kalamu zake tatu, akapita chini ya kile kitambaa, na mimi nilimwona akipita siku ile.

Gazeti la mji likaandika. Bungeni wakabishana siku nzima. Upande huu ukasema haya ndiyo matunda ya kuziacha shule zijitawale, upande ule ukasema haya ndiyo matunda ya kuzibana. Nilitega sikio kwenye redio mpaka mwisho nisikie wakimtaja Zuwena. Walisema "tukio lile". Mwishowe ikatoka amri: watoto kumi na watatu warudi Septemba, warudie mwaka. Rejista itafungwa siku ya kwanza, saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Jina ambalo halijaingia saa hiyo haliingii tena.

Wenzake walikuwa wameshatawanyika, wengine shule nyingine, wengine wamekata tamaa. Aliyerudi ni Zuwena peke yake, na mama yake kamshika mkono. Kumbe langoni wanangojwa. Bwana Whitlow yupo. Bi Garside yupo. Bwana Ellery katoka wizarani na mpiga picha. Kuna sinia ya keki. Watu waliomfuta mtoto leo wanamlisha keki? Hapa kuna namna.

Ilikuwa saa mbili na robo. Zuwena akafika hatua tatu kutoka langoni, akasimama, akainua macho.

"Sipiti chini ya kitambaa hicho," akasema. "Kishushwe kwanza. Na akishushe yule ambaye bila yeye nisingefutwa. Huyo peke yake."

Fundi wa shule akaleta ngazi, akaiegemeza langoni, akaondoka haraka. Na mpiga picha akaweka kamera tayari, kwa hiyo kila mtu alijua atakayepanda atakuwa gazetini kesho.

Bwana Whitlow akasema yeye alikuwa anawalinda wale mia saba na themanini na saba waliobaki. Shule ingekabidhiwa wageni, na walimu wazuri wangefukuzwa. Tena hakumfukuza mtu, mzazi ndiye aliyeomba kwa saini yake. Na hesabu hiyo hakuitunga yeye.

Bwana Ellery akasema aliyetunga hesabu alitaka watoto maskini wapate shule nzuri, na kanuni haina mahali palipoandikwa mfuteni Zuwena. Kama mtu anaisoma kanuni kwa hila, ndiyo maana kuna wakaguzi.

Bi Garside akasema alipewa siku mbili na fomu ya kurasa arobaini, na katika kurasa zote arobaini hakuna penye swali la waliokwenda wapi. Alipokuja, watoto walikuwa wameshaondoka. Akasema yeye hamfuti mtu, anahesabu waliopo. Alipokuwa akisema hayo alikuwa akiivua miwani na kuivaa, akiivua na kuivaa.

Ikawa saa mbili na nusu. Bi Mwanakheri akaachia mkono wa mwanawe, akapandisha gauni, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Saini ni yangu," akasema. "Nilitaka mtu wa kunishikia mtoto. Mungu anajua nilifurahi."

Zuwena akamshika gauni. "Mama, shuka. Ukipanda wewe, hawa wote wanarudi makwao wamesamehewa."

Mama akashuka, machozi yanamtoka. Akasema jambo ambalo hakuwa amelisema hata gazetini. Barua ile ilikuwa na mistari mitatu. Gazeti lilipoichapa, alisomewa yote mitatu, na wa tatu ulisema jina litafutwa na shule haitahusika na mtihani. Siku ya ofisini alisomewa miwili. Wa tatu aliambiwa ni mambo ya kawaida ya ofisi.

Zuwena akauliza nani aliyemsomea.

Mama akageuka. Akaitazama ile sinia ya keki, na aliyeishika.

Sasa wekeni visu chini, mniangalie usoni. Sinia ile nilikuwa nimeishika mimi, na aproni yangu kiunoni. Niliajiriwa jikoni pale kupakua chakula, na siku ya Januari nikaitwa ofisini kwa sababu najua Kiswahili. Mkataba wangu ulikuwa unaisha Pasaka na wa kuutia saini upya ni Bwana Whitlow. Nilipofika mstari wa tatu, akanitazama. Nikasema ni mambo ya kawaida ya ofisi.

"Shangazi Saumu," akasema Zuwena, "miaka minne unaniongezea viazi. Mstari wa tatu uliuona?"

"Niliuona," nikasema.

Basi nikaweka sinia chini. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo linaninyima raha. Mabega ya watu wale watatu yalishuka. Bwana Whitlow akatabasamu kidogo. Bi Garside akavaa miwani yake ikatulia. Na Bwana Ellery, ambaye asubuhi nzima hakugusa kitu, akaja mbio akanishikia ngazi kwa mikono miwili, akaniambia pole pole mama, utaanguka.

Zuwena naye aliona. Alinitazama mimi, akaitazama mikono ya Bwana Ellery kwenye ngazi, akamtazama mama yake. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika thelathini na nane, na karani keshatoka na rejista amesimama mlangoni.

Ngazi ni moja na dakika ni mbili. Bila kanuni ya yule, asingefutwa. Bila biskuti za yule, asingefutwa. Bila kidole cha yule kunyamaza, kitambaa kisingekuwapo. Bila saini ya mama, bila ulimi wangu, Mei ile angeikuta kadi yake ukumbini. Je, nani alistahili kupanda?