Kamba Saba za Mtoto wa Digidigi

Paukwa!
Pakawa!
Waliopanga foleni tangu alfajiri wapo?
Wapo, na hawajaitwa!

Haya. Hapo zamani za kale, zahanati ya msituni ilikuwa na karani mmoja, Fisi. Kusoma hakusoma. Lakini mjomba wake ni nani? Simba! Basi kazi akapata, mhuri akapewa.

Asubuhi moja Mama Digidigi akaingia mbio, ta-ta-ta-ta, mwanawe anaungua homa. Mama mwenyewe hakai. Anazunguka. Miguu kama imekanyaga siafu.

Mganga Kobe akakoroga mzizi mwekundu kikombeni.

"Usimpe huo!" Mama Digidigi akaruka. "Mwaka jana ulimvimbisha koo, nusura afe!"

Kobe akamtazama Fisi. Fisi akafunua buku polepole, akilamba kidole.

"Humu habari hiyo haimo."

"Haimo vipi, na wewe ndiye uliyempa bila kumuuliza mganga?"

"Mama, wewe ni daktari? Una mhuri?" Akacheka, kwii-kwii-kwii! Ukurasa wa habari hiyo alishauchana zamani, kosa lake lisionekane.

Kobe akasita. Buku ni buku. Akainua kikombe.

"Ngoja, bana!" Ni Mnana dirishani, ndege aliyesomea mafundo miaka minne na kazi hana. "Kamba je?"

Kamba! Mtoto akitibiwa, Mnana hufunga fundo kwenye kamba zake saba, katika nyumba saba, siku hiyohiyo, majirani wakitazama. Dawa ikimdhuru, fundo ni jekundu. Na kila fundo limeuma mkia wa lililotangulia. Ukitaka kulitoa moja, fumua yote yaliyofuata, nyumba zote saba. Moja ya nyumba hizo ni ya Fisi. Alikataa kuachwa nje.

"Michezo ya vijana," Fisi akanuna.

"Hiyo ni sistimu, mzee," Mnana akajibu. "Wewe ni konekshen tu, kazi ya mjomba."

Mama Digidigi keshatoka. Ta-ta-ta-ta!

"Nungunungu, fundo jekundu lipo?"
"Lipo!"
"Kanga, lipo?"
"Lipo!"
"Pimbi, ndugu yangu, lipo?"
"Lipo, dada, kimbia!"

Kamba sita zikaja, sita zikafanana. Ya Fisi ikaletwa: imelegea, imejikunja, jekundu halipo.

"Hizo sita ni za uongo!" Fisi akafoka.

"Nyumba sita zidanganye sawasawa, wewe peke yako useme kweli?" Kobe akauliza. Akamwaga kikombe, mwaa! Akachemsha majani mengine. Jua lilipofika utosini, mtoto akatoka jasho, akaomba kunyonya.

Na Fisi? Mnadhani alifukuzwa? Thubutu! Simba alimhamishia zahanati ya ng'ambo ya mto, mhuri mkononi.

Mama Digidigi aliposikia, hakulala hata kidogo. Alimfunga mtoto mgongoni, Mnana akiruka pembeni na mzigo wa kamba mpya. Ta-ta-ta-ta, akavuka mto, nyumba za huko nazo zipate kamba.

Basi jueni: habari ya mgonjwa isikae mikononi mwa mmoja. Iwekwe mbele ya wengi, itunzwe na wengi, asipatikane wa kuichana.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mliosikia mwambieni jirani, nisibaki naijua peke yangu.