Ndege ya Mfyeka Majani

Funikeni Biblia zenu, wapendwa. Neno limeshasomwa na wote tumelisikia. Ningeweza kulifafanua kwa maneno makubwa, mkanisifu pale mlangoni, mkaenda zenu kula. Mnanisifu sana ninyi. Leo sitaki sifa, nataka mnisikilize, na kama mfano wangu utaanza kwa kuwachekesha, msizoee.

Kulikuwa na mzee mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kufyeka majani kwenye kiwanja cha ndege. Si vile viwanja vya lami mnavyovijua. Hiki kilikuwa cha changarawe, ndege mbili au tatu kwa wiki, basi. Miaka thelathini na moja alifyeka kandokando ya njia ya kurukia. Ndege ikija anafukuza mbuzi, anakimbilia pembeni na fyekeo lake, inatua, anarudi kazini. Alizijua ndege zile kwa mlio. Ikiwa bado nyuma ya mlima angekuambia hii ina injini mbili, hii ina moja. Sasa niulizeni alipanda mara ngapi. Hata mara moja! Miaka thelathini na moja alikula vumbi la ndege tu.

Mzee huyu alikuwa na hamu moja, na kila Krismasi watoto wakikusanyika aliitaja. "Kabla sijafa ningependa kuiona milima yetu kwa juu. Nilione bwawa, nilione bati la kanisa letu, nilione na shamba la marehemu mama yenu." Watoto walicheka wakasema baba amekuwa mtoto.

Kitinda mimba hakucheka. Huyu alikuwa fundi wa kompyuta mjini, na mama yao alipofariki ndiye aliyemchukua mzee akaishi naye, yeye na mkewe. Nataka mjue mapema kwamba alikuwa mtoto mzuri. Nasema hivyo kwa sababu nawafahamu. Mtamtafuta mtu mbaya katika mfano huu ili mumtupie mawe mpumue, na hamtampata.

Basi kijana akasikia kuna programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta. Dunia nzima imechorwa humo, milima mahali pake, maziwa mahali pake. Akamwendea baba yake.

"Baba, ndege ya kweli sina uwezo nayo. Lakini nitakutengenezea hapahapa sebuleni. Utashika usukani mwenyewe, tutaondoka kwenye kiwanja chako, mpaka nyumbani."

Mzee alilia. Mtu mzima, mikono imejaa sugu za fyekeo, alilia mbele ya mkwewe wala hakuona aibu.

Siku ya kwanza mzee alivaa koti lake la kanisani, kwa sababu mtu hasafiri kwa ndege na kaptula. Akaketi. Lakini kompyuta ile ilikuwa ya kuandikia barua, na ilipobebeshwa milima ikashindwa. Ndege inakwenda kidogo, inaganda hewani, inakwenda tena.

"Inatosha, mwanangu," mzee akasema. "Mlima nimeuona."

"Bado, baba. Inakwama hii. Nikupeleke nyumbani kwa kushtukashtuka?"

"Punda wa mama yako naye alikuwa akishtuka njia nzima, na tulifika."

Mnacheka. Haya, chekeni sasa hivi.

Kijana hakuridhika. Akaifungua mashine, akaiongezea kumbukumbu. Akabadilisha kadi ya kuchorea picha. Kadi mpya ikaleta joto, akafunga feni mbili za kupoozea. Na kwenye pembe ya skrini akaweka namba ndogo ya kijani, inayohesabu kompyuta inachora picha ngapi kwa sekunde moja. Ikiwa ishirini, ndege inakwama. Ikifika sitini, inateleza. Mafundi mlioko humu mnaijua namba hiyo, na mnajua inavyomshika mtu. Tangu siku ile, kila alipomketisha baba yake kujaribu, macho yake yalikuwa kwenye namba. Baba alikuwa amekaa ubavuni pake, bega kwa bega, na yeye anaangalia namba.

Siku moja mzee akasema, "Mwanangu, mbona huku pembeni kuna giza?"

Kijana akaangalia, akaona kweli skrini ni ndogo. Akatafuta pana.

Baada ya majuma kadhaa mzee akasema, "Kuna ukungu."

Programu ile ina mahali pa kupanga ukungu na mawingu. Kijana akaingia humo akapunguza ukungu mpaka sifuri. "Na sasa, baba?"

Mzee akakaza macho muda mrefu. "Bado upo, mwanangu."

"Basi ni kadi. Kadi hii haina nguvu."

Akatafuta nyingine. Kadi ilipofungwa mzee akaketi tena na koti lake, akasema taa za kiwanja anaziona zina duara za rangi, kama upinde wa mvua. Kijana akafurahi kweli. Akamwambia mkewe, "Unamwona baba? Ana jicho la fundi huyu. Kasoro niliyoikosa mimi ameiona yeye." Akaenda kupunguza mng'ao wa taa.

Nasikia mnaguna. Ninyi mmeshajua. Mmekaa hapa dakika tano tu na mmejua, na yule aliyelala naye nyumba moja hakujua. Kwa nini? Hakumpenda baba yake? Nani hapa amewahi kumtengenezea baba yake hata kiti? Alimpenda. Lakini baba kila aliposema neno, mwana aligeukia mashine, kwa sababu mashine aliijua. Neno likimtoka baba tu, jibu lilikuwa tayari. Ndugu zangu, mimi namwogopa mtu mwenye jibu tayari kuliko kiziwi. Kiziwi atakuuliza umesema nini.

Mkewe alijua. Wanawake mnajua, kwa sababu ninyi ndio mnaoandaa meza. Alimwambia mumewe, "Baba Nakijwa, mzee anapapasa kikombe. Jana amemimina chai nje ya kikombe, akajidai ni mkono unatetemeka. Madaktari wa macho wapo hospitali ya wilaya mpaka Ijumaa. Mpeleke."

"Nitampeleka. Niache nimalize kufunga hii, wiki ijayo tunakwenda."

"Nimekuambia mpaka Ijumaa."

"Nimesikia, mama."

Ijumaa ikapita. Hakuwa baa, hakuwa kwa mwanamke. Alikuwa sebuleni, amepiga magoti mbele ya kompyuta ya baba yake, na bisibisi mkononi.

Halafu mzee akaacha kusema. Giza hakulitaja tena, wala ukungu, wala taa. Akiulizwa unaonaje, anasema, "Pazuri, mwanangu." Na kijana akamwambia mkewe, "Mashine imekubali. Unaona baba halalamiki tena?"

Ikafika siku yenyewe. Jumamosi, saa nane mchana, jua kali. Namba ya kijani imefika sitini na haitikisiki. Kijana akamwita mkewe aje ashuhudie. Akamvalisha baba yake koti, akamshika mkono, akamketisha, akauweka mkono ule wa sugu juu ya usukani. Ndege ikaondoka kwenye kiwanja kilekile cha changarawe. Injini inanguruma kwenye spika, chumba chote kinatetemeka. Mzee akacheka kwa sauti. "Injini mbili!" akasema. Kijana akaitikia, "Injini mbili, baba!"

Walipokaribia milima ya kwao picha ikakatika. Skrini ikawa nyeusi tii. Mlio wa injini unaendelea, picha hakuna. Kijana akadhani waya wa skrini umelegea. Akaingia chini ya meza bila kusema kitu, asije akamharibia baba safari, akaanza kupapasa nyuma ya mashine.

Akiwa kule chini akamsikia baba yake anazungumza.

"Ahaa. Lile pale bwawa. Limejaa kweli mwaka huu. Na bati la kanisa hilo, ona linavyowaka! Mwanangu, punguza mwendo kidogo. Shamba la mama yako lile. Punguza, nataka kuliangalia."

Kijana alikuwa ameshika waya. Akaugusa mwisho wake mmoja, umekaza. Akaugusa mwisho wa pili, umekaza. Akatoka taratibu chini ya meza akatazama skrini. Nyeusi. Akamtazama baba yake usoni, na niwaambie, ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi. Mzee anatabasamu, uso ameuelekeza kwenye kabati la vyombo.

"Baba," akasema, "skrini imezimika."

Mkono wa mzee ukabaki kwenye usukani. Mkwewe akafunika mdomo kwa kanga.

"Imezimika saa ngapi?" mzee akauliza.

"Kabla hujaliona bwawa."

Mzee akainamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Yeye ndiye aliyeona aibu, wapendwa! Yeye!

"Tangu lini, baba?"

"Jicho la kushoto, tangu tulipopanda maharage. La kulia lilikuwa bado linaona dirisha. Juzi nalo limefunga."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwanangu. Nilikuambia kuna giza pembeni, ukaleta skrini. Nikakuambia kuna ukungu, ukaleta kadi. Nikasema, mimi nani hata mtoto ahangaike hivi. Nikaacha."

"Lakini ulisema unaona! Mpaka leo unasema unaona!"

"Ulikuwa unafurahi," mzee akajibu. "Halafu kabla ya hii ndege hukuwa unakaa nami. Ulikuwa unarudi kazini, unanisalimu mlangoni, unapita. Nikasema, ikimalizika, au nikisema sioni, nani ataketi hapa tena?"

Walikwenda hospitali ya mkoa Jumatatu. Daktari hakuwa mkali, na ingekuwa heri angewakaripia. Alisema ni presha ya macho, kwamba inakula pembeni kwanza, polepole, na yapo matone ambayo yangeshikilia kilichobaki kama wangewahi. "Kilichokwenda hakirudi," akasema, akaandika kwenye kadi, akaita mgonjwa mwingine.

Mnasubiri niseme Mungu alitenda. Nawaona mmekaa mkao wa kupiga makofi. Hakuna. Mzee hakuona tena, si milima, si bwawa, si uso wa mwanawe. Mashine bado ipo pale sebuleni, inakwenda vizuri sana, haikwami hata kidogo.

Sasa tuje kwetu, kwa sababu sikuja hapa kumsema fundi.

Sisi tunaambiwa nini majumbani mwetu, na tunajibu nini? Mke anasema nimechoka, unamnunulia mashine ya kufulia, na unataka akushukuru. Mtoto anasema sipendi shule, unamhamishia ya gharama zaidi. Mama yako anapiga simu kutoka kijijini anasema nyumba imekuwa kubwa, unatuma mabati. Vitu vizuri vyote hivyo! Nani atakulaumu? Ukifa tutakusifu kwa vitu hivyo hivyo hapa mbele, mimi mwenyewe nitasoma wasifu wako. Na yule aliyekuwa anakuambia atakuwa ameshanyamaza siku nyingi, anakujibu pazuri, anakuchekea, na wewe unajisifu kwamba nyumbani kwako hakuna anayelalamika.

Mwogopeni mtu wa nyumbani mwenu aliyeacha kulalamika.

Msidhani nawanyooshea kidole nikiwa salama. Mwaka juzi kuna mama alinisimamisha pale mlangoni, ibada imekwisha. Akasema, "Mchungaji, siku hizi naondoka hapa na mzigo wangu uleule niliokuja nao." Nami nikamjibu nini? Nikamwambia, ni kweli, mama, ibada zetu ni ndefu mno, kamati inapanga ratiba mpya. Mzee Mgonja wa kamati ni shahidi, alikuwepo. Tulipanga. Tukapunguza matangazo, tukaongeza mapambio, ikapendeza, ninyi nyote mliisifu. Jumapili iliyofuata yule mama aliniambia, "Ibada nzuri, Mchungaji." Nikafurahi, nikarudi nyumbani nikala.

Hajaonekana tena. Nimeuliza, hakuna anayejua alikohamia. Alikuwa anaketi benchi la tatu kutoka nyuma, upande wa dirisha. Mimi mchungaji wake, mzigo wake ulikuwa nini sijui mpaka leo, kwa sababu sikumuuliza.

Leo msiniitikie amina. Sikuleta neno la kuitikiwa. Nendeni nyumbani, kila mtu akae mbele ya yule aliyenyamaza, amwangalie usoni, amuulize, kisha yeye mwenyewe afunge mdomo mpaka asikie. Na kama utakuta umechelewa, usije kwangu kutafuta maneno ya kukufariji. Nimeyatafuta mimi mwenyewe mwaka mzima, na sijayapata.