Pembe Saba za Singano

Mtu mmoja, jina lake Singano, alikuwa na shamba la kahawa juu ya mlima na vibarua arobaini wa kulihudumia. Kwa miaka mingi aliishi vizuri na watu wa bondeni, kwa sababu hakuwa na haja nao. Haja ilianza mwaka ambao Chamhingo aling'oa masale.

Masale ni mimea inayopandwa mpakani, na katika milima ile mtu haigusi bila ugomvi. Chamhingo na ndugu zake waliyang'oa yote yaliyotenganisha mashamba yao. Wakalima shamba moja, wakapika chungu kimoja, wakagawana mavuno kwa idadi ya walaji. Walisema kwamba mpaka ndio unaoleta njaa. Ndugu mmoja alikataa. Asubuhi moja alikuta masale yake yameng'olewa, akahama na mkewe bila kuaga. Upande wa Chamhingo habari hiyo haikusemwa. Upande wa Singano ilisemwa kila siku.

Singano hakuogopa kwamba Chamhingo angepanda mlima. Aliogopa kwamba vibarua wake wangesikia habari za chungu kimoja.

Akaita mkutano nyumbani kwake. Walikuja wakuu wa kaya saba. Watano walikuwa rafiki zake kutoka milima mingine, watu ambao hata siku isiyo na ukungu hawakuweza kuliona shamba la Chamhingo. Waliopakana nalo walikuwa wawili tu, Hoza na Mdoe. Kila kaya ilipewa mbwa mmoja na pembe ya tandala. Makubaliano yalikuwa mafupi: watu wa Chamhingo wakivuka mpaka wa kaya yoyote, pembe ipigwe, na wote watakwenda, Singano mbele na vibarua wake wenye mapanga.

Hoza hakumwogopa Chamhingo. Aliyemnyima raha ni Mdoe, jirani yake wa upande wa juu, kwa ajili ya chemchemi iliyokuwa kati yao. Alifikiri kwamba mwenye pembe ya Singano hataguswa na mtu. Mdoe naye alifikiri hivyohivyo. Siku ile walikaa benchi moja, wakamiminiwa chai kutoka birika moja, na hawakutazamana.

Hoza ndiye aliyeuliza, "Na kama shida itatoka kwingine?"

Singano akajibu kwamba shida nyingine zitazungumzwa zikifika. Wale watano waliitikia kwa vichwa. Chai ikaongezwa.

Kabla ya kuagana walipitisha jambo moja zaidi, na hakuna aliyeliona kuwa kubwa. Bondeni palikuwa na desturi ya yowe. Moto ukitoroka shambani, au ng'ombe akitumbukia shimoni, mwanamke wa nyumba ile alipiga yowe. Kila aliyesikia aliacha jembe palepale, akakata tawi bichi la kuzimia moto, akakimbia. Aliyefika mikono mitupu alirudishwa akakate tawi. Hakuna aliyeuliza shamba ni la nani. Singano alisema kwamba yowe na pembe vitawachanganya watu, na kwamba kaya za mkataba ni bora zingoje pembe. Waliona ni busara.

Hoza alirudi nyumbani na pembe begani na mbwa nyuma yake. Mkewe, Mboni, alimtazama mbwa, kisha akaitazama pembe.

"Baba Kupaza, umeniletea wa kula kuku zangu na cha kuitia watu wa mbali," alisema. "Wa karibu tutawaita na nini?"

"Hayo ni mambo ya mkutano, Mama Kupaza."

"Basi mkutano uje unilindie kuku."

Hoza alitundika pembe ukutani. Wiki ile alipanda miiba kwenye njia iliyokwenda kwa Chamhingo, njia ambayo mkewe alipita kila alipokwenda kuomba kaa la moto. Chamhingo alipoona miiba na kusikia habari za pembe, aliweka ngoma ya kuwaita ndugu zake, akawaambia kwamba siku pembe ikilia watu wa mlimani wanakuja kuwaua. Akakataza yeyote kuvuka kwa sababu yoyote.

Miaka minne ilipita na pembe haikupigwa. Singano aliwaambia wageni wake kwamba huo ndio ushahidi kwamba pembe zinafanya kazi. Pengine ilikuwa kweli. Lakini bondeni hata wasio na pembe walijifunza kuingoja, na yowe likapungua. Ng'ombe wa mjane mmoja alitumbukia shimoni, mjane akapiga yowe. Watu wakatoka, wakasimama nje ya nyumba zao, wakasikiliza kama pembe itafuata. Haikufuata. Wakarudi kwenye kazi zao, na ng'ombe akafa.

Mwaka wa tano, wiki mbili kabla ya mvua za vuli, Mdoe alichoma mabua shambani mwake. Hakulima ukanda wa kuzuia moto. Alichoma saa sita mchana, upepo ukishuka mlimani. Moto uliruka mfereji wa mpakani, ukaingia kwenye shamba la Hoza, ukaanza kuifuata migomba kuelekea nyumbani. Juu ya jiko la nyumba ile, darini, palitundikwa mahindi yote ya mbegu ya mwaka, kwa kuwa moshi huyakinga na wadudu. Hoza hakuwa na mbegu nyingine.

Mboni alipiga yowe. Alipiga mara tatu. Watu wa chini walitoka, wakasimama, wakasikiliza. Watu wa Chamhingo walikuwa karibu kuliko wote, hatua mia mbili kutoka kwenye moto, na kwao palikuwa na watu wazima thelathini. Nao walisimama nyuma ya miiba, kwa sababu walikuwa wamekatazwa. Mmoja wao alikuwa ameanza kukata tawi.

Ndipo Hoza alipokimbilia ukutani, akaishika pembe, akaipiga.

Chamhingo aliposikia pembe alipiga ngoma. Yule aliyekuwa akikata tawi alilitupa, akachukua panga. Wote thelathini wakajipanga mpakani, nyuso kuelekea mlimani, wakingoja kuuawa.

Kutoka milima mingine hakuja mtu, lakini vibarua wa Singano walishuka upesi. Hilo lazima lisemwe. Walikuja arobaini, na mapanga na mbwa, na nyapara wao mbele mahali pa Singano. Hawakuwa na tawi hata moja, kwa sababu hawakuitwa kwenye moto. Walisimama kwenye mfereji. Ng'ambo ya shamba waliwaona watu wa Chamhingo wamesimama na mapanga, hawajavuka. Nyapara akautazama moto, akautazama upande ulikotoka, akamwona Mdoe amesimama kwake, pembe mkononi. Mdoe pia alikuwa mtu wa mkataba.

Nyapara akamwambia Hoza, "Moto huu si wa Chamhingo."

Kisha akamtuma mtu mlimani kumuuliza Singano la kufanya. Mwendo wa kupanda na kushuka ulikuwa saa moja.

Nyumba ya Hoza iliungua kwa muda mfupi zaidi ya huo. Mboni aliokoa kitanda, sufuria mbili na kuku waliobaki. Hoza alijaribu kuingia kuzitoa mbegu, dari ikaanguka, akarudi ameungua mkono. Hakufa mtu. Watu sabini walisimama pande mbili za shamba, wote wakiwa na nguvu na afya, wakatazama mpaka moto ulipoishiwa cha kula. Jibu la Singano lilipofika lilisema kwamba amesikitika, na kwamba jambo la Hoza na Mdoe ni jambo la jirani kwa jirani.

Mvua zilinyesha kwa wakati wake. Hoza hakuwa na cha kupanda. Alikwenda kuomba kibarua kwa Singano, akapewa.

Na Chamhingo? Hakuvuka mpaka. Alipozeeka, ndugu zake waligombana juu ya nani analima na nani anakula tu, na msimu mmoja wakaanza kupanda masale tena, mmoja mmoja, bila mtu wa mlimani kuwagusa. Singano aliposikia alifurahi. Alituma watu wakazikusanye pembe, na wazee waliozitunza wakaalikwa chakula cha mchana. Yowe halikukusanywa na mtu, wala halikurudishwa. Hata leo mwanamke akilipiga bondeni, watu hutoka nje, wakasimama.

Wenye umri mnakumbuka zama ambazo mataifa yalifungiana mikataba kama ule, kanda kwa kanda, ili kuuzingira ukomunisti usivuke. Mingine ilikuwa na wanachama wasiopakana hata na hatari waliyoapa kuizuia. Mingine imekwisha kuvunjwa, na meza zake zimekunjwa. Msibishane sasa kama Chamhingo alikuwa mtu mbaya. Ulizeni la Mboni: siku moto utakaposhuka kutoka kwa mshirika wako, na aliye karibu nawe umekwisha kumfundisha kushika panga kila akisikia sauti yako, utamwita nani aje na tawi?